Ufizi Usiotoa Damu

Kokuberwa alikuwa mtu wa kurudi nyuma. Akishafunga mlango wa chumba chake pale Temeke Mikoroshini, alikuwa akifika kwenye kona ya genge la nyanya, anasimama, kisha anarudi kutikisa kufuli. Vifaa vya zahanati vilivyotakiwa kuchemshwa dakika ishirini, yeye alivichemsha ishirini na tano, halafu akavisimamia kana kwamba vitachafuka asipovitazama. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atafufuka kuja kuangalia kama kaburi limefukiwa sawasawa. Alicheka nao, na jioni ile ile akarudi kutikisa kufuli.

Nayasema haya mapema kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia halikufanywa na mzembe. Makosa ya wazembe hayana la kusimuliwa. Mtu alilala, basi. Hili lilifanywa na mwanamke mwangalifu kuliko wote niliopata kuwafahamu, tena akiwa ametoa macho.

Mwaka ulikuwa 1975. Kokuberwa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, ametoka kwao Kanyigo kule Bukoba, amesomea kazi ya msaidizi wa daktari wa meno, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika chumba cha meno cha zahanati moja ya Temeke. Chumba chenyewe kilikuwa na kiti kimoja cha kupandishwa kwa kukanyaga, taa moja yenye shingo iliyolegea, na dirisha linalotazama foleni ya akina mama wajawazito. Watu wengi walijua chumba kile kina kazi moja tu, kung'oa. Walikuja shavu limevimba, wakaondoka wamebana pamba, na hawakuonekana tena mpaka jino lingine liwatoe nyumbani.

Yeye lakini alipenda fizi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, zahanati ilitembelewa na daktari wa meno kutoka hospitali kubwa ya mjini, Daktari Ansbert, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, na ndiye aliyemfundisha kuzitazama. Alimpa sindano butu ya chuma iliyochorwa mistari ya milimita. Unaipitisha taratibu kati ya ufizi na jino, nayo inashuka mpaka igote; pale ilipogota, unasoma mstari. Ufizi mzima humeza milimita mbili, wakati mwingine tatu. Ukiona mwekundu, umevimba, na ukiugusa tu unatoa damu, lakini mfupa ulio chini bado uko mahali pake, hapo unaandika ugonjwa wa ufizi. Huo mtu akisafishwa ugaga na akajitunza, unapona. Sindano ikizidi kuzama, usaha ukitoka, mfupa ukiwa umeanza kuliwa, unaandika ugonjwa wa mfupa, na huo haurudi nyuma.

"Kati ya maneno hayo mawili," Daktari Ansbert alimwambia, "ndipo ilipo kazi yako yote. Kung'oa hata fundi baiskeli anaweza."

Kokuberwa aliyachukua maneno hayo kama alivyochukua kila kitu, akalala nayo na kuamka nayo.

Mzee Romani aliingia mwezi wa pili. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mtu wa Masasi, amenyoa vizuri, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha shirika la umma, lakini kiwandani hakuna aliyemwona akibeba gunia, kwa sababu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kiwanda. Tarumbeta alifundishwa misheni akiwa kijana, na kwa midomo ile alikuwa ameoa, amejenga vyumba viwili, na amesomesha watoto wanne.

"Shikamoo mzee," Kokuberwa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sina maumivu. Nimeambiwa na watu kwamba wewe unapimaga fizi, nikasema nije na wangu upimwe."

Alifungua mdomo. Katikati ya meno ya juu, la mbele la kushoto, palikuwa na jino jeupe mno, na shingoni mwake, pale ufizi ulipoanza, mstari mwembamba wa chuma uling'aa.

Mwaka 1970 bendi ilikuwa imepelekwa Ulaya kupiga kwenye maonyesho ya biashara. Huko Milano Mzee Romani aliteleza kwenye ngazi zenye barafu akavunja jino, na kwa mpiga tarumbeta jino la mbele si urembo, ndilo ukuta ambao midomo huegemea wakati wa kupuliza. Wenyeji wao waliona haya mgeni kuumia mikononi mwao, wakampeleka kwa daktari aliyechimba mfupa wa taya, akazungusha humo skrubu ya chuma, na juu yake akapachika jino la bandia. Mzee alirudi na karatasi yenye mchoro wa skrubu ile, mizunguko minane, yote imezama ndani ya mfupa. Maneno ya karatasi yalikuwa ya Kitaliano na hakuna aliyeweza kuyasoma, ila mchoro haukuhitaji mkalimani.

Kokuberwa hakuwa amewahi kuona kitu cha namna ile. Usiku ule hakupata usingizi. Alimwomba mzee arudi Jumatano, na Jumatano Daktari Ansbert akalitazama jino kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida yake.

"Nimelisoma tu vitabuni," alisema. "Sikiliza, Ndugu Kokuberwa. Jino la kuzaliwa limeshikwa na nyuzinyuzi ndani ya mfupa, likibanwa linahisi. Hii ni skrubu. Haihisi chochote. Ugonjwa ukiingia hapa unakwenda mbio, na mwenyewe anaendelea kula nyama kama kawaida. Siku atakayokuja kukwambia linauma, ujue mmechelewa."

"Sasa nitajuaje?"

"Mpime leo pande nne, uandike. Hiyo ndiyo itakuwa shahidi wako. Kila mwezi pima palepale, kwa mkono uleule. Dalili yako ya kwanza ni damu. Ukigusa kidogo ikatoka, shtuka. Isipotoka, usijitafutie presha."

Kokuberwa akapima. Mbili, mbili, mbili, mbili. Damu hakuna. Ufizi wenyewe ulikuwa umekaza, umepauka kidogo, safi kama wa mtoto. Kinywa kizima kilinukia karafuu. Kokuberwa aliandika kwenye daftari lake neno "safi" na kupiga mstari chini yake, na moyo wake ukatua kwa wiki nzima, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake.

Mwezi wa tatu, mbili pande zote, damu hakuna, safi.

Mwezi wa nne, upande wa ndani unaotazama kaakaa, sindano ilikwenda mpaka tatu. Akairudia. Tatu. Akautazama ufizi chini ya taa, akaubonyeza kwa pamba, akasubiri. Hakuna hata tone. Mzee alikuwa amekaa ametulia, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kupigwa picha.

"Vipi, mwanangu?"

Hapa ndipo mtu mwingine angeuliza maswali. Mzee, unasafishaje kinywa chako? Asubuhi ukiamka unatema nini? Kokuberwa aliyafikiria maswali hayo, yakafika mpaka kwenye ulimi. Lakini alilelewa na bibi aliyemchapa kwa kumtazama mkubwa usoni, na kumuuliza mzee wa watu, tena aliyekuja amejiswafi namna ile, anapiga mswaki vipi, kulikuwa ni kumwambia kwamba ana kinywa kichafu. Akayameza.

"Safi, mzee," alisema. "Tuonane mwezi ujao."

Usiku hakulala vizuri. Tatu si mbaya, alijiambia, tatu hata vitabu vinaikubali. Lakini kama ilikuwa mbili na leo ni tatu, hiyo moja imetoka wapi? Labda ni mkono wake umekuwa mzito. Wazo hilo lilimkaa kichwani, na kesho yake, zahanati ilipopoa, aliingia chumba cha dawa, akaiweka sindano juu ya kisahani cha mizani ya kupimia unga wa dawa, akabonyeza kwa mkono wake kama anavyobonyeza kwenye ufizi. Gramu ishirini na tano, kama alivyofundishwa. Akarudia mara kumi na tano. Ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na nne. Mfamasia alimkuta akiutazama mshale wa mizani huku ameuma mdomo, akatikisa kichwa na kwenda zake. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kumgusa mgonjwa alikwenda kuupima mkono wake.

Mwezi wa tano, upande wa ndani, nne.

Mkono ulikuwa ishirini na tano. Alikuwa ameupima robo saa kabla. Sindano ilizama mpaka mstari wa nne na damu haikutoka. Alimwonyesha Daktari Ansbert, naye akapima, akapata nne, akaubonyeza ufizi, ukawa mkavu.

"Nne bila damu," daktari alisema polepole. "Ufizi mgonjwa hutoa damu. Huu umekaza kama ngozi ya ngoma. Labda umenenepa kwa sababu ya kupuliza. Filamu za eksirei mjini zimebaki chache, na wenye taya zilizovunjika wanazigombania. Siwezi kuomba moja kwa ufizi usiotoa damu. Endelea kupima."

Basi akaandika tena "safi", ila safari hii hakupiga mstari chini yake. Kilichomtesa hakikuwa na jina. Namba zilisema jambo moja na ufizi ulisema jingine, na yeye alikuwa amefundishwa kuuamini ufizi. Mzee Romani aliondoka akimshukuru, akasema Saba Saba bendi yao itapiga uwanja wa maonyesho, aje awasikilize, na kwamba kwenye wimbo wa tatu ataachiwa tarumbeta peke yake. Alisema hivyo kwa aibu ya furaha, kama bwana harusi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, kabla siku ya Mzee Romani ya mwezi ule haijafika, mchana wa saa nane, Kokuberwa alikuwa kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, nje ya duka la ushirika. Foleni za mwaka ule zilikuwa ndefu kiasi cha watu kupatana na kugombana na kupatana tena kabla ya kufika dirishani. Mbele yake alisimama mke wa Mzee Romani, Anjelina, ambaye watu walimwita Mama Albano kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Walikuwa wakifahamiana kwa salamu tu.

"Sista, wewe unamtesa mume wangu," Mama Albano alisema akicheka.

"Nimemfanya nini tena, mama?"

"Siku ya yeye kuja kwako kupimwa nyumba nzima haina raha! Anaamka alfajiri, anachemsha maji, anasaga jiwe la shabu na karafuu, anasukutua. Anapumzika, anasukutua. Mpaka saa mbili keshasukutua mara nne tano, midomo imesinyaa hata chai hawezi kunywa. Namwambia, baba, unakwenda kupimwa meno, si kuposa. Ananijibu, siwezi kumfunulia mtoto wa watu mdomo unaotoka damu."

Kokuberwa alihisi jua limemshukia peke yake katika foleni nzima.

"Unaotoka damu?"

"Kila siku ndiyo hivyo! Mto wake asubuhi una madoa, nafuafua mie nimechoka. Shabu tulifundishwa na jirani, mtu wa Pwani. Inakausha kabisa. Ila ni ya siku moja, kesho yake inaanza tena." Kisha akaiona sura ya Kokuberwa, kicheko kikamkauka. "Sista, kwani vipi?"

Kokuberwa aliiacha foleni, na kuacha foleni ya unga mwaka ule ilikuwa jambo la kushangaza watu. Alikwenda zahanati karibu kwa kukimbia, akachukua sindano, kioo na pamba vilivyochemshwa, akavifunga kwenye kitambaa safi, akatoka. Njiani aliipiga hesabu. Shabu inaukaza ufizi na kuzuia damu. Hilo alilijua, kila mtu anayenyoa ndevu analijua. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Mara zote nne alikuwa ametazama ufizi uliopambwa kwa ajili yake. Namba ndizo zilizokuwa zinasema kweli, na yeye alikuwa anakwenda kuupima mkono wake kwenye mizani.

Mzee Romani alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anatia mafuta ya cherehani kwenye vali za tarumbeta. Alipomwona alisimama haraka na kuifunika midomo kwa kiganja.

"Shikamoo mzee. Samahani kukuvamia. Naomba nikutazame jino."

"Marahaba. Leo? Hapana, mwanangu. Si siku yake. Sijasukutua."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Kokuberwa akaona mzee ameelewa, na kwamba ameona haya, haya ya mtu mzima ambayo ni nzito kuitazama. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa uani wakijifanya wanaanika nguo. Mzee aligeuza kigoda akawapa mgongo, akakaa, akafungua mdomo.

Ufizi ulikuwa na rangi ya zambarau. Sindano ilipogusa tu, damu ikajaa, ikashuka kwenye mdomo wa chini kabla hajaifikia kwa pamba. Sindano ikaenda, ikaenda. Saba. Upande wa mbele, sita. Alipobonyeza kwa kidole, usaha ukatokeza pembeni ya chuma, mweupe, kidogo kama punje ya ulezi. Akagonga jino la pembeni yake kwa mpini wa kioo, likalia kwa sauti kavu. Akagonga la skrubu, sauti ikawa butu, ya kitu kilichokaa kwenye tope. Mzee Romani aliisikia pia. Alikuwa mtu wa sauti maisha yake yote, na alipoisikia ile alifumba macho.

"Linauma?" Kokuberwa aliuliza.

"Haliumi. Ndiyo maana nilidhani ni kinywa tu, ni uchafu wangu tu."

"Ni mfupa, mzee."

Mzee alipangusa midomo yake kwa leso, akaikunja ili damu isionekane.

"Wakijua ni mfupa watalitoa?"

"Nadhani watalitoa."

"Saba Saba ni siku kumi na tatu kutoka leo." Alisema taratibu, kama anamweleza mtoto. "Kiongozi wa bendi keshaleta kijana kutoka Tabora. Anapiga vizuri, mie mwenyewe nimemsikia. Nikikosa Saba Saba, nafasi ni yake, na mie napelekwa ghalani kwenye magunia. Mgongo wangu huu, mwanangu. Wewe andika ufizi. Siku kumi na tatu tu. Baada ya hapo uandike utakavyo, nami nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu."

"Mzee..."

"Miezi yote umeandika safi. Ukiandika ufizi nani atakuuliza?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yalimwingia. Kwa sababu ilikuwa kweli. Akiandika ugonjwa wa ufizi, ingekuwa hatua moja tu kutoka safi, jambo la kawaida, na hakuna ambaye angefunua kurasa za nyuma. Akiandika ugonjwa wa mfupa, kila mtu angeuliza mwezi wa tano alikuwa anatazama nini. Mzee alikuwa anaiombea tarumbeta yake, na bila kujua alikuwa anamwombea na Kokuberwa.

Kokuberwa alisema atafikiria. Tusimsifu kupita kiasi, alisema hivyo.

Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa. Alikaa mbele ya daftari na kalamu mkononi, jasho likimtoka kwapani, huku mhudumu akifagia na kuizungushia fagio miguu yake. Alijaribu kujiambia kwamba siku kumi na tatu si kitu. Lakini hakujua kama si kitu. Kutoka tatu hadi saba ilikuwa miezi miwili, na kando ya skrubu ile palikuwa na meno mawili ya Mungu mwenyewe, ambayo mfupa wake ulikuwa ni huo huo unaoliwa. Aliona aibu, aliogopa, na alimwonea mzee huruma, na yote hayo matatu yalimvuta kuelekea neno moja, ufizi.

Akaandika: Ugonjwa wa mfupa. Pande nne: saba, sita, tano, sita. Damu, usaha. Apigwe picha haraka. Kisha, kabla mkono haujabadili nia, akaongeza chini yake: Vipimo vya miezi iliyopita kuhusu damu visitegemewe. Mgonjwa alikuwa akisukutua shabu kabla ya kuja. Sikumuuliza.

Jumatano Daktari Ansbert alisoma mistari ile mara mbili, akakunja uso, na filamu ikapatikana. Picha ilipokuja aliinyanyua dirishani. Skrubu ilionekana nyeupe, na kuizunguka palikuwa na kivuli cheusi chenye umbo la bakuli. Walihesabu pamoja kuanzia shingoni mwa jino. Kati ya mizunguko minane, mitano ilikuwa inaning'inia mahali pasipo na mfupa, na kingo za bakuli zilikuwa zimefika kwenye mizizi ya meno ya pembeni.

"Hata mie ningeandika safi," daktari alisema. "Na niliandika, kwa kinywa changu."

Alisema hivyo kumfariji, lakini Kokuberwa hakufarijika hata kidogo.

Skrubu ilitolewa siku nne kabla ya Saba Saba. Daktari aliandaa koleo, halafu hakulihitaji. Aliishika kwa vidole, akaizungusha nusu, ikatoka. Mzee Romani alitema kwenye beseni, akatazama kilichotoka, akageuza uso ukutani. Mama Albano aliyekuwa akisubiri mlangoni alimshika mkono, na wakaondoka bila kuaga. Kuondoka bila kuaga, kwa mtu kama yule, kulikuwa ujumbe mzito.

Saba Saba Kokuberwa hakwenda uwanjani. Uwanja ulikuwa karibu, na upepo ulipogeuka alizisikia bendi mpaka chumbani kwake. Kulikuwa na tarumbeta moja iliyopanda peke yake kwa muda mrefu, safi, ya kijana. Alifunga dirisha, kisha akaona anafanya upuuzi, akalifungua.

Tangu wiki ile kila aliyekaa kwenye kiti chake aliulizwa kwanza: leo umesukutua na nini, na jana? Aliwaambia wenye miadi waje na vinywa walivyoamka navyo. Temeke nzima ilimsema. Wakamwita nesi wa vinywa vichafu; mzee mmoja wa Kimanyema alinyanyuka na kuondoka, akisema hajawahi kutukanwa namna ile na mtoto wa kike. Kokuberwa aliona aibu kila alipouliza, na aliuliza.

Mzee Romani alirudi baada ya wiki mbili, kwa sababu barua ya daktari ilimtaka arudi. Alikuwa amevaa ovaroli ya ghalani, vumbi la magunia limemkaa kwenye nyusi. Aliitikia shikamoo kwa kifupi. Kidonda cha pengo lake kilikuwa kimefunga vizuri. Kokuberwa alipima meno mawili ya pembeni, kila moja pande zote, akayarudia: tatu, nne, tatu, tatu. Damu kidogo.

"Haya mawili yatabaki?" mzee aliuliza.

"Nadhani yatabaki. Nitayapima kila mwezi."

"Na kupuliza? Nikiwekewa jino la kuvaa na kuvua, nitapiga tena?"

Neno la kumridhisha lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa nalo tangu asubuhi, kwa kuwa alijua ataulizwa, na alitamani mno kulisema. Alimtazama mzee usoni, jambo ambalo bibi yake angemchapa kwalo.

"Sijui, mzee. Kwa kweli sijui."

Nje mama mmoja mjamzito alikuwa akiita jina la mtu. Kisha Mzee Romani akainuka taratibu, akajishika kiuno.

"Ungeniambia hujui tangu mwezi wa nne," alisema, "na mie ningekwambia natoka damu."